Siku Sita kwa Mlima wa Siku Mbili

Wilaya yetu ya Rusizi ndiyo yenye mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Ni kule bondeni Bugarama, mto Rusizi unapotuacha kwenda zake kusini: mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, nchi ya mpunga, na joto lisiloondoka hata usiku. Mahali pa juu kuliko pote ni kilele cha Karisimbi, mita 4,507, kule kaskazini kwenye safu ya Virunga. Kati ya hapa na pale kuna kimo cha mita 3,557. Mtu wa huku kwetu anaweza kupanda basi Kamembe asubuhi, akapita Karongi na Rubavu, akalala Musanze, na usiku unaofuata akawa ndani ya hema kwenye mita 3,700 hivi. Miguu imefika. Damu yake bado iko Rusizi.

Ninayawaza haya tangu mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Kamembe. Yeye na wenzake wa kazini wana upatu, na mwaka huu wamekubaliana fedha zisiishie kwenye vitenge na simu mpya. Julai wanakwenda Karisimbi. Mpango walioupata ulisema siku mbili, usiku mmoja. Akaniuliza anunue viatu gani. Nikamuuliza wataondoka nyumbani lini.

“Siku moja kabla, mjomba. Tunalala Musanze, saa moja asubuhi tuko Kinigi, chini ya mlima.”

Nikamwambia viatu tutaviongea baadaye, kwanza tutafute siku tatu zaidi.

“Za nini tena? Mlima wenyewe ni wa siku mbili. Na sisi ni watu wa Nyakarenzo, mjomba, hapa kwetu hata njia ya kwenda kuteka maji ni kupanda na kushuka.”

Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo linalonitia wasiwasi. Nyakarenzo hatuna tambarare. Mtoto anakwenda shule kwa kupanda, anarudi kwa kushuka, na jioni anatumwa dukani kwa kupanda tena. Mama anabeba kichwani ndoo ya kahawa mbivu kutoka shambani huku anazungumza, wala hahemi. Miguu ya namna hiyo haipatikani mjini kwa kulipia. Lakini nilipokuwa kijana nilifanya kazi Moshi, kwanza kama mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, kisha nikawa msaidizi wa kiongozi wa wageni. Huko nilijifunza kuwaogopa wenye miguu mizuri. Nimeshuhudia vijana wa mpira, vifua vipana, wakiteremshwa kwa machela ya gurudumu moja hali hawajijui, na siku hiyohiyo mama mtu mzima, mwenye magoti mabovu na fimbo mbili, akipita taratibu kuelekea kilele cha Uhuru. Yule mama hakuwa na nguvu kuwazidi. Alikuwa amechelewa kuwazidi.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Watu husema huko juu oksijeni hakuna. Ipo, tena kwa kiasi kilekile cha asilimia 21 ya hewa, kama hapa, kama Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Ukiwa Karisimbi kileleni, mgandamizo umeshuka chini ya asilimia 60 ya ule wa pwani. Ukiwa Uhuru, mita 5,895, umebaki karibu nusu. Kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni kidogo, hata ukivuta hadi mbavu ziume. Mwili unaanza kujitengeneza saa hiyohiyo: unahema haraka, moyo unakwenda mbio. Kisha figo nazo huchukua siku kadhaa kurekebisha kemia ya damu ili kule kuhema kwingi kusikudhuru na uweze kuendelea nako hata usingizini. Damu yenyewe kuongeza chembe nyekundu za kutosha ni kazi ya wiki. Hakuna zoezi la kuharakisha hayo. Mkimbiaji wa mbio ndefu na karani anayekaa kitini siku nzima, wote figo zao zinahitaji siku zilezile. Tofauti yao ni kwamba mkimbiaji ana uwezo wa kufika juu kabla figo hazijamaliza kazi.

Sisi wa vilima vya Kivu tumeanza na mtaji kidogo. Ziwa lenyewe liko mita 1,460, na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo kumzidi mtu wa Dar es Salaam tunamzidi. Mtaji huo unatufikisha salama hadi mita 2,500 hivi. Kuanzia hapo ugonjwa wa mlima unaweza kumshika yeyote.

Kanuni ambayo madaktari wa milima wameizoea ni hii: ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika, ulale palepale. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukarudi, na kufanya hivyo kunausaidia mwili. Sasa pima safari zetu kwa kanuni hiyo. Njia ya Marangu ya Kilimanjaro inakulaza Mandara, mita 2,700 hivi, kisha Horombo, 3,700, kisha Kibo, 4,700. Ni mita elfu kila siku, mara mbili ya kanuni. Ndiyo maana wenye busara hukaa Horombo usiku wa pili, wakatumia mchana wake kupanda kuelekea Mawenzi na kurudi. Njia ya Machame na ile ya Lemosho hukupandisha hadi mnara wa lava kwenye mita 4,600, ukala chakula cha mchana huku kichwa kinagonga, kisha ukateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mgeni asiyejua hudhani amepotezewa muda. Ile ndiyo saa yenye faida kuliko zote katika safari yake.

Karisimbi, kwa mpango wa siku mbili, inavunja kanuni kwa kishindo. Unatoka Musanze, mita 1,850, na usiku huohuo unalala 3,700. Wengi hufika, sikatai, kwa kuwa hawakai juu muda mrefu, na ugonjwa unapoanza kuwashika wako njiani kushuka. Lakini wanafika wakiwa wamekunja uso, wanatapika pembeni ya hema, na kilele wanakiona kwa jicho moja. Fedha za upatu wa mwaka mzima zisiende hivyo.

Kwa hiyo mpango niliompa mpwa wangu ni wa siku sita. Siku ya kwanza ni basi na kulala Musanze. Siku ya pili wanahamia Kinigi, juu ya mita 2,000, wanatembea mashambani kwenye viazi na pareto, hakuna zaidi. Siku ya tatu wanapanda Bisoke, mita 3,711, volkano yenye ziwa kileleni, na kurudi kulala Kinigi. Mwili utakuwa umekionja kimo kile cha kambi ya Karisimbi kwa saa chache na kuteremka. Siku ya nne ni ya kulala, kufua soksi, kula. Ya tano na ya sita ni Karisimbi. Gharama inapanda, ndiyo: kibali cha Bisoke ni cha peke yake, na vitanda vya usiku kadhaa lazima vilipwe. Walioiona nzito nimewaambia waiache Bisoke lakini wasiziache zile siku za Kinigi. Raia wa nchi za Afrika Mashariki tuna viwango vyetu kwenye hifadhi nyingi za ukanda huu, waulize Bodi ya Maendeleo ya Rwanda mapema, na anayewaza Kilimanjaro aulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, kabla hajakubali bei ya mtu wa kati.

Baada ya hesabu ya siku ndipo inakuja baridi. Hapa nitakaa kidogo, kwani Karisimbi ina historia ambayo kila anayeipanda anapaswa kuijua.

Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwana wa ukoo uliotawala huko Ujerumani, ulipita nchi hizi kwa uchunguzi wa kisayansi. Mwanajiolojia wake, Egon Kirschstein, alipewa kazi ya volkano. Mwaka 1908 akiwa Karisimbi na wapagazi wake, walipigwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Hawakuanguka genge, hawakuuawa na nyati. Walilowa, wakapigwa na upepo, wakakaa chini kwenye matope na hawakuinuka tena. Walikuwa wanaume waliozoea kubeba mizigo na kutembea kutwa, kwa hiyo miguu walikuwa nayo. Nguo hawakuwa nazo. Tena haya yametokea kwenye mlima wa nchi ya ikweta, mlima usio na barafu ya kudumu.

Hesabu ya baridi ni rahisi na mtu anaweza kuifanya akiwa nyumbani. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama sita na nusu. Kutoka Kamembe hadi kilele cha Karisimbi ni takriban mita 3,000. Kamembe ikiwa nyuzi 20, basi kileleni ni karibu na sifuri, nayo ni mchana na hakuna upepo wala mvua. Weka upepo. Weka shati lililolowa jasho. Kilimanjaro usiku wa kwenda Uhuru hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na zaidi.

Adui wa kwanza ni pamba. Fulana ya pamba, suruali ya jinzi, kitenge cha kujifunga kiunoni, vyote vikilowa vinakaa na maji na kuunyonya mwili joto. Ndani kabisa, kwenye ngozi, vaa nguo ya michezo ya nailoni au poliesta, au ya sufu. Juu yake sweta la sufu au koti la manyoya ya bandia. Juu ya yote koti na suruali visivyopitisha maji. Nguo tatu nyepesi zina faida kuliko koti moja nene, kwani unavua na kuvaa kadiri unavyotembea, usije ukatoa jasho. Jasho la saa nne asubuhi ndilo baridi ya saa kumi jioni. Na lazima kuwe na seti nyingine, kavu, soksi zikiwemo, ambayo haiguswi hadi mmeingia kwenye hema. Hata kama umelowa chapachapa saa saba mchana, ile seti usiifungue. Vaa uliyolowa nayo, tembea, upate joto kwa kutembea.

Zamani nguo hizi tulizipata kwa bei ya chini kwenye mitumba. Tangu 2016 serikali ilipopandisha ushuru wa mitumba, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, makoti mazuri yamekuwa haba masokoni kwetu. Nimemshauri mpwa wangu aanze kutafuta sasa, kipande kimoja kimoja, asingoje Juni, na wachangie: si kila mmoja anahitaji kununua kila kitu, wapo watu Musanze wanaokodisha makoti, mifuko ya kulalia na mabuti. Ila kinachogusa ngozi, na viatu, awe navyo mwenyewe.

Lipo jambo moja la kwetu ambalo watu wa nje hulisahau. Kilimanjaro ya enzi zetu, kila kitu kilifungwa kwenye mifuko ya plastiki kabla ya kuingia begini. Rwanda mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 2008, na Tanzania nayo ikafuata Juni 2019. Usifike nayo mpakani ukitegemea kupita. Nenda kwa fundi cherehani na kipande cha turubai jepesi, akushonee mifuko miwili, mmoja wa nguo kavu na mmoja wa mfuko wa kulalia. Mdomo uwe mrefu ili uukunje mara tatu kabla ya kufunga. Kisha ijaze nguo, izamishe kwenye beseni la maji nyumbani, uone. Ikiingiza maji ukiwa Nyakarenzo, utakuwa na nafasi ya kumrudishia fundi.

Viatu sasa. Karisimbi ni matope, hasa kwenye msitu wa hagenia huko chini, matope ya kumeza mguu hadi katikati ya muundi. Wenyeji wengi wa Kinigi wanapanda na mabuti ya mpira, na kwa sehemu ile hawajakosea. Mgeni afadhali awe na viatu vya ngozi au vya kitambaa kigumu, vinavyofunika kifundo, pamoja na vifunika miundi vya kuzuia matope. Nunua saizi inayobakiza nafasi ya kidole mbele, kwa sababu wakati wa kushuka mguu unasukumwa mbele saa nzima baada ya saa nzima. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Watu wamepoteza kucha kwa kudharau hilo. Na viatu vipya visiende mlimani vikiwa vipya. Viende sokoni, viende kanisani au msikitini, viende umuganda, ile kazi yetu ya pamoja, hadi visiwe tena na pa kuuma.

Kuhusu mazoezi, nimesema miguu tunayo, lakini kuna miguu ya kupanda na miguu ya kushuka. Wanaojiandaa karibu wote hupanda kwa bidii na kushuka kwa bodaboda. Siku ya mwisho ya Karisimbi unapanda mita 800 hivi alfajiri, kisha unateremka karibu mita 1,900 bila kituo cha maana, na misuli ya mbele ya paja ndiyo inayobeba yote. Ikiwa haijazoea, magoti huanza kutetemeka katikati ya mlima na hapo ndipo watu huteguka. Mpwa wangu hupanda kwangu Jumamosi, tunachukua njia za mashambani, na nimemkabidhi begi lenye kilo nane: chupa za maji. Tukifika juu hamwagi maji, ingawa amenisihi. Anashuka nayo. Kushuka na mzigo polepole, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, ndilo zoezi ninaloliamini kuliko yote.

Miezi mitatu inatosha kwa mtu mzima mwenye afya. Mara tatu kwa wiki saa moja, na mara moja kwa wiki mwendo wa saa tano au sita. Mwezi wa mwisho, angalau mara moja, wafuatanishe siku mbili au tatu za kutembea, kwa sababu mwili unaoamka umechoka na kuambiwa tena twende ni mwili mwingine kabisa. Sisi tuna bahati ya njia ya kando ya ziwa, ile ya Kongo na Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi kwetu Rusizi. Kipande cha kutoka Nyamasheke kuja Kamembe kinatosha kabisa kwa jaribio hilo. Halafu tuna Nyungwe, msitu ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, na ndani yake mlima Bigugu, mita 2,950. Ukipanda Bigugu na mvua ikakunyeshea, shukuru, umeyajaribu mavazi yako kwa bei ndogo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Hapa naomba kila atakayekwenda asome, asimwachie kiongozi peke yake, maana mara nyingi anayeumwa huficha.

Unaanza na kichwa kuuma, mara nyingi usiku wa kwanza juu ya mita 3,000. Chakula kinachukiza, kichefuchefu, uchovu usiolingana na kazi ya siku ile, kizunguzungu, usingizi wa vipande. Hii ni daraja ya kwanza, na dawa yake ni kubaki hapo ulipo. Usipande zaidi mpaka kichwa kiache. Dawa ya maumivu unaweza kumeza, lakini usiimeze ili upate kuendelea kupanda. Usiku unaweza kumsikia jirani yako hemani akihema haraka, kisha akanyamaza kabisa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kubwa. Inatisha mara ya kwanza. Ni kawaida ya kimo, usimwamshe kwa makelele.

Daraja ya pili haina mjadala. Mwambie mgonjwa atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akipepesuka mithili ya mlevi, akijibu maswali ovyo, akikataa kuvaa glavu huku mikono imekufa ganzi, maji yanajaa kwenye ubongo. Akihema hali ameketi, akakohoa, kifua kikakoroma, pengine makohozi ya povu la rangi ya waridi, maji yako mapafuni. Kwa yote mawili ni kushuka, na ni sasa, hata ikiwa saa nane usiku na mvua inanyesha, na mtu mzima mwenye akili timamu ashuke pamoja naye. Mgonjwa asiachwe ashuke peke yake, wala asiachwe kambini “apumzike” wenzake wakiendelea kileleni. Kushuka mita 500 au 1,000 tu mara nyingi kunamrudisha mtu. Wazee wetu walimbeba mgonjwa kwa machela kuvuka vilima hivi kumfikisha kwa tabibu, na jirani aliyekataa zamu yake alisemwa. Kundi linalokwenda Karisimbi lipatane kabla ya kuondoka Kamembe kwamba mmoja akishushwa, fedha zilizolipwa zisitajwe.

Ipo dawa ya asetazolamidi, iitwayo Diamox. Inasaidia figo kufanya ile kazi yake mapema. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Daktari ndiye aandike, hasa kwa mtu mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito, mwenye figo mbovu. Inakojoza na kuleta ganzi ya vidole, kwa hiyo ijaribiwe nyumbani kwanza. Mwenye shinikizo la damu, pumu, selimundu au moyo asipande hata Bisoke kabla hajaonana na daktari. Na dawa za usingizi na pombe ziachwe chini, zinapunguza kuhema wakati mwili unahitaji kuhema.

Maji ni lita tatu hadi nne kwa siku, na kipimo chako ni mkojo: uwe mweupe au njano hafifu. Chakula kitakukataa, hivyo beba unachokipenda kwa dhati. Wazungu wa Moshi walituletea vijiti vya chokoleti, ila mimi nilikuwa na karanga za kukaanga na sukari ya mawe mfukoni, na hadi leo sijaona cha kunibadilisha. Sambaza waliokaushwa wa Kivu wana chumvi ambayo ulimi huidai huko juu. Usiku jaza chupa maji ya moto, ifunge sawasawa, ilaze miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Simu na betri za tochi nazo zilale humohumo, baridi inazimaliza chaji. Miwani ya jua na mafuta ya midomo ni vya lazima hata kwa ngozi yetu nyeusi, kwani miale mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Limebaki jambo la mpagazi, na hili ndilo ninalolisema kwa moyo wangu wote.

Kule Kinigi utakodi vijana wa kukubebea. Fanya hivyo, ni riziki yao na ni usalama wako. Kilimanjaro mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Hata pale ambapo hakuna mizani, wewe uwe na mizani moyoni: pakua nyumbani kila ambacho hukukitumia kwenye yale mazoezi ya siku mbili. Tangu 2003 pale Moshi lipo shirika, KPAP, linalowaazima wapagazi makoti na viatu bila malipo, kwa sababu kwa miaka mingi tulikuwa tukipanda na raba zilizotoboka huku tumebeba mabegi yaliyojaa makoti ya akiba ya watu wengine. Miaka mingi baada ya wale 20 wa 1908, bado wapo wanaopanda hivyo.

Kwa hiyo nimemwambia mpwa wangu na wenzake waweke kwenye bajeti ya upatu makoti ya mvua mawili ya ziada, kofia mbili za sufu na jozi nne za soksi. Asubuhi ile Kinigi, mizigo ikishagawanywa na kabla hawajaanza kutembea, wawatazame vijana wao kuanzia kichwani hadi miguuni, wawaulize wana nini cha kuvalia usiku na watalala wapi. Anayepungukiwa apewe. Wakishuka wamlipe kila mmoja mkononi mwake, noti kamili, si kupitia kwa mtu, na koti lile abaki nalo.

Mpwa wangu amerudi na jibu la wenzake: wawili wamejitoa kwa sababu ya ruhusa ya kazini, waliobaki wamezikubali siku sita. Jumamosi hii tunapima mifuko ya turubai kwenye beseni, kisha tunashuka na zile kilo nane.